Mlimbwende wa Taifa na Wodi ya Lukwambe

Katika nchi yetu hakuna tatizo ambalo likipigwa picha vizuri haliondoki. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakiyaondoa matatizo hayo. Cheo changu kilikuwa Mwandishi wa Maelezo ya Picha Daraja la Pili, Wizara ya Taswira ya Taifa, ghorofa ya nne, katika chumba chenye dirisha lisilofunguliwa. Nje ya dirisha lilitundikwa bango la Mheshimiwa Rais, na kulifungua kungemgonga puani.

Wenzetu wa Daraja la Kwanza waliandika maelezo ya picha za mawaziri. Sisi wa Daraja la Pili tulipewa walimbwende.

Zamani mashindano ya urembo yalikuwa shughuli ya watu binafsi. Wasichana walipita jukwaani, waamuzi wakawatazama, mmoja akavishwa taji, kila mtu akaenda kwake. Kisha siku moja serikali ikagundua kwamba msichana mmoja tu wa jukwaani anafuatwa mtandaoni na watu wengi kuliko gazeti la serikali, redio ya serikali na Mheshimiwa Waziri wakijumlishwa pamoja. Habari hiyo ilimuuma Mheshimiwa Waziri, akakosa hamu ya chakula. Alipopona, ikapitishwa Sheria ya Urembo Wenye Tija.

Tangu hapo kila wilaya ilileta mrembo mmoja. Mrembo hakushindana tena kwa mwendo wala kwa gauni, alishindana kwa picha alizoweka mtandaoni kuonyesha maendeleo ya wilaya yake. Laiki zilihesabiwa na kompyuta, na kompyuta ilisahihishwa na Mkurugenzi.

Kanuni hazikuwa ngumu. Picha saba kwa siku. Meno ya juu yaonekane yasiyopungua sita. Barabara ipigwe kutokea upande uliokwisha. Bomba lipigwe likiwa linatoa maji, na kama halitoi, mrembo asimame mbele yake. Ilikatazwa kupiga picha na mtu mwenye nguo iliyochanika, isipokuwa kama imechanika kwa mtindo. Halafu kila mrembo alikabidhi nywila ya akaunti yake siku ya kwanza, kwa usalama wake, ndani ya bahasha tuliyompa wenyewe.

Wengi walizizoea kanuni hizi upesi. Aliyetushinda alikuwa binti mmoja wa wilaya za milimani, jina lake Yunge. Wiki ya pili alipiga picha mbele ya kisima kipya akiwa amevaa miwani ya jua. Katika vioo vya miwani hiyo, ukiikuza picha sana, walionekana wanawake kumi na wanne wamekaa juu ya ndoo zao wakisubiri maji ambayo hayakuwa yakitoka. Mkurugenzi wetu, Bwana Lubasha, aliikuza sana. Binti wa watu alijitetea kwamba hakujua kuwa miwani yake inaona. Alipandishwa basi la asubuhi akarudishwa kwao. Akaunti yake ilibaki wizarani ikaendelea kutabasamu hadi mwisho wa msimu, maana idadi ya wilaya haikuruhusiwa kupungua.

Mimi nilipangiwa mrembo wa Lukwambe, Sikitu Mbelwa.

Sikitu alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa kushona nguo. Alikuwa amezoea kuongea huku amebana pini midomoni, kwa hiyo aliongea kidogo na kwa uangalifu, hata pale ambapo hakuwa na pini. Hakuwa mzuri kuliko wote, nasema hivyo kama mtaalamu. Ila alikuwa na jambo ambalo wenzake hawakuwa nalo: watu walimwamini. Kabla ya mashindano alikuwa akiwaonyesha wanawake mtandaoni jinsi ya kugeuza gauni kuukuu kuwa sare ya shule, na jinsi ya kukijua kitambaa kitakachochuja rangi kabla hujakinunua. Akisema kinachuja, kinachuja. Wanawake laki tatu walimfuata kwa sababu hiyo tu.

Miongoni mwao alikuwemo mdogo wake, Mwajabu, aliyeolewa mwaka huohuo na aliyekuwa na mimba ya kwanza. Mwajabu alikuwa wa kwanza kukomenti kila picha. Kabla hata haijafunguka vizuri kwenye simu yangu, tayari ameandika maneno yaleyale matatu: Dada yangu huyo. Sisi ofisini tulidhani ni mashine.

Siku moja nilimuuliza Sikitu kwa nini ameingia kwenye mashindano, kwa kuwa hakuonekana kupenda kutazamwa. Akanieleza kwamba alisoma kwenye tangazo kuwa mshindi ataiombea wilaya yake jambo moja kwa Mheshimiwa Rais, nalo litatekelezwa. Yeye alitaka wodi ya wazazi. Lukwambe haikuwa nayo. Wanawake wa huko walijifungulia kwenye zahanati ya masista, ng'ambo ya mto Lumeja, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kati yao na masista palikuwa na daraja jembamba la mbao ambalo hata baiskeli ilipitishwa kwa kubebwa. Mama yake alikuwa amezika watoto wawili karibu na daraja hilo. Sikitu alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayetaja vipimo vya nguo, nami nikayaandika kwenye faili lake, chini ya kichwa cha habari "Vipaji na Mambo Apendayo".

Bwana Lubasha alilisoma faili akafurahi. Alisema hakuna haja ya kusubiri ushindi. Wodi ijengwe sasa hivi, mrembo apigwe nayo picha, laiki zije, ushindi utafuata.

Ilijengwa kwa siku kumi na moja. Niliiona mwenyewe. Ilikuwa ukuta wa mbele. Ukuta mzuri, mweupe juu na wa buluu chini, katikati ya kuta mbili za uzio wa zamani, hivi kwamba aliyesimama barabarani hakuona ubavuni. Ulikuwa na madirisha mawili yenye mapazia, mlango wa mbao ngumu wenye kitasa cha shaba, na kibao kilichosomeka: Wodi ya Wazazi Lukwambe, Vitanda Arobaini. Nyuma yake zilikuwepo nguzo za miti zilizouegemeza, na majani. Vitanda arobaini vilikuwepo kwenye mpango. Mhandisi mmoja mchanga alithubutu kuuliza kuhusu kuta nyingine, Bwana Lubasha akamwelewesha kwa upole kwamba picha haina nyuma.

Siku ya uzinduzi upepo ulivuma sana. Mlango ukawa unataka kufunguka wenyewe, jambo ambalo lingeleta tafsiri potofu. Kwa hiyo nikapewa jukumu la kukaa nyuma na kuushika. Sikitu aliambiwa kuwa ndani rangi ni mbichi, na vitanda vimeshapakiwa, vitafika Jumatatu. Aliuliza mara mbili. Mara ya tatu aliniuliza mimi, kabla sijazunguka kwenda kushika mlango.

"Kaka Saburi, vitanda vinakuja kweli?"

Nikamwambia vimeshapakiwa. Ndivyo nilivyoambiwa, na mtumishi wa umma husema alivyoambiwa. Akaniangalia kidogo, kisha akaenda kusimama mbele ya mlango, akaweka mkono kwenye kitasa, akatabasamu meno sita. Nilikuwa upande wa pili, nimekishika kitasa kilekile, magoti yangu yamo katika majani. Nilisikia kamera ikilia.

Maelezo ya picha niliyaandika mimi. "Akina mama wa Lukwambe, wodi yetu imefunguliwa. Msivuke tena mto." Sentensi hiyo ya pili ilisifiwa na Mheshimiwa Waziri kwa simu. Nilipandishwa cheo kwa ajili yake, nikawa Daraja la Pili Mwandamizi. Picha ilipata laiki nusu milioni kabla ya saa sita mchana, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya Mwajabu.

Jumatatu ikapita, na nyingine ikapita. Warembo walikuwa wameshaingia kambini, kwenye hoteli moja ya makao makuu ya nchi, wakifundishwa namna ya kushika mtoto mchanga bila kufunika nembo ya wizara. Sikitu aliulizia vitanda kwa barua. Akajibiwa kwa barua kwamba swali lake limepokelewa.

Wiki tatu baada ya uzinduzi, asubuhi, Mwajabu alishikwa na uchungu.

Haya nilisimuliwa baadaye na mama yao. Mama alitaka wavuke mto kama kawaida. Alikuwa ameshafunga mzigo, na jirani ameshakubali kuwasaidia kumshika binti darajani. Mwajabu akakataa. Akamwonyesha mama simu. Alisema dada ameandika wasivuke, na dada hajawahi kuwadanganya watu hata kwa uzi. Na mama naye alimwamini Sikitu. Wakakodi bajaji mpaka wodini, upande wa pili kabisa wa mji, mbali na mto.

Walibisha hodi kwa muda mrefu. Akatokea mlinzi, mzee mmoja aliyeajiriwa kulinda kitasa. Akawaeleza kwa adabu kwamba wodi imefunguliwa kwa ajili ya picha, haijafunguliwa kwa matumizi. Mama akamwambia afungue tu, binti atajifungulia hata sakafuni. Mlinzi alipoona hawasadiki, akafungua.

Mama aliniambia kwamba Mwajabu alitazama yale majani, akatazama mbuzi wawili waliokuwa wakila, kisha akaitazama simu yake tena, kama mtu anayedhani amekosea nyumba.

Wakageuza kuelekea mtoni. Bajaji iliharibika njiani, wakaendelea kwa miguu. Mwajabu alifariki kabla ya kufika darajani, yeye na mtoto wake, wa kike.

Simu ya mama ilinikuta mimi, maana simu za warembo tulikaa nazo sisi, na nilikuwa najiandaa kuweka picha ya saa sita. Sauti ikasema, "Mpe mwanangu simu." Nikaenda nayo chumba cha vipodozi. Sikitu alikuwa kwenye kiti, nusu ya uso imepakwa, nusu bado. Alisikiliza. Mwishowe akauliza kama mlango ulikuwa umefungwa, akauliza ni nani aliyeufungua, akasema nakuja mama. Alinirudishia simu.

"Ulijua?"

Nikaanza kueleza kwamba niliambiwa vitanda vimeshapakiwa.

"Sikukuuliza ulichoambiwa," akasema.

Hakuniuliza tena. Msichana wa vipodozi alisimama na brashi mkononi, hajui aendelee na ule upande mwingine au aache.

Ruhusa ya kwenda mazikoni ilileta ugumu, kwani kanuni hazikuwa na kifungu cha msiba. Bwana Lubasha aliitisha kikao, na baada ya kikao akamwita Sikitu kumpa pole rasmi. Pole hiyo ilichukua dakika ishirini. Alimkumbusha kwamba sote ni wa kupita, isipokuwa taasisi. Alisema wizara imelichunguza tukio hilo na kuridhika kuwa kifo hicho hakilingani na picha iliyopo, lakini kwa sababu za kibinadamu haitamdai marehemu maelezo. Zaidi ya hayo, alisema, taifa linamshukuru marehemu kwa imani yake, kwani aliacha kwenda kwa masista akachagua wodi ya serikali. Wajumbe wakapiga makofi mafupi ya huzuni. Sikitu akaruhusiwa kwenda kwao, kwa sharti kwamba akaunti ibaki.

Alipokuwa akisubiri gari la kwenda stendi aliniomba simu yake ampigie mama. Nikampa. Hakumpigia. Alijipiga picha vilevile alivyokuwa, nusu uso wenye rangi na nusu wenye machozi, akaandika:

"Mimi Sikitu. Wodi ya Lukwambe ni ukuta mmoja, nyuma hamna kitu. Niliwaambia msivuke mto. Mdogo wangu amekufa kwa sababu aliniamini. Vukeni."

Tuliiondoa chini ya dakika tatu. Nywila ikabadilishwa. Waliowahi kuiona ni wachache, na mmoja wao aliandika: Pole dada, naona wameiingilia akaunti yako. Bwana Lubasha alilipenda wazo hilo akalitolea taarifa. Taifa likaarifiwa kuwa maadui wa urembo wameivamia akaunti ya mrembo wetu mpendwa, kwamba imekombolewa salama, na yeye mwenyewe yuko buheri wa afya.

Alimzika mdogo wake Ijumaa. Jumamosi akashinda.

Hakuwepo ukumbini, na jambo hilo halikumsumbua mtu. Mrembo mwingine mwenye umbo linalokaribiana naye alivishwa taji akiwa ameipa kamera mgongo. Ulipofika wakati wa mshindi kuomba jambo lake moja, akaunti ikaomba kwenye skrini kubwa ya ukumbini. Iliomba wodi ya Lukwambe ipakwe rangi upya. Mheshimiwa Rais aliguswa sana, akaagiza ipakwe mara mbili.

Kuanzia hapo nilikuwa Sikitu kwa saa nane kila siku. Nilitabasamu kwa picha za akiba, tulizokuwa nazo zaidi ya elfu. Niliwatakia watu asubuhi njema, nikazindua mitaro, nikapokea salamu za siku ya kuzaliwa na kuzijibu kwa moyo, yaani ile alama ya moyo. Wafuasi walifika milioni mbili.

Ila kulikuwa na tatizo huko Lukwambe. Ripoti zilionyesha kwamba akina mama walikuwa bado wanavuka mto. Kumbe Sikitu, yule mwingine, alikuwa amerudi kwao, akaweka cherehani yake chini ya turubai kwenye njia panda, pale barabara ya wodini inapoachana na ya mtoni. Alishona, na kila alipopita mwanamke mwenye mimba kubwa alimsimamisha na kumwambia ukweli. Wengi hawakumsadiki. Walimtazama, wakaitazama simu, wakaona yule wa kwenye simu ananawiri na ametabasamu, wakamwambia: lakini jana umeandika mwenyewe kwamba wodi inapokea. Hakubishana nao. Aliacha kazi yake, akawashika mkono, akawapeleka mpaka kwenye mlango, akaufungua. Mlinzi hakumzuia. Kisha akarudi nao mpaka njia panda na kuwaonyesha barabara ya mtoni.

Bwana Lubasha akanituma nikamalize jambo hilo. Nilipewa gari, dereva, na karatasi ya kusainiwa. Karatasi ilisema kwamba aliyetia saini hapa chini si Sikitu Mbelwa, Mlimbwende wa Taifa, na kwamba kufanana kwao ni bahati mbaya. Akisaini, ataachwa ashone kwa amani.

Tulifika saa nane mchana. Alikuwa amekonda. Alinipokea kama anavyopokewa mteja, akafuta kiti. Dereva wetu, Mzee Kitwana, alibaki garini. Nilimpa Sikitu karatasi, akaisoma mpaka mwisho, kisha akairudia tena, kama alivyozoea kusoma vipimo.

"Hii nitasaini," akasema. "Huyo wa kwenye simu si mimi, ni kweli."

Akasaini. Nikiwa naikunja karatasi, wakafika wanawake wawili kutoka upande wa sokoni. Mmoja, jina lake Nzela, alikuwa na mimba ya kujifungua, anatembea kwa kusimamasimama. Mwingine alikuwa mama mkwe wake, amebeba beseni lenye nguo. Walikuwa wanauliza njia ya wodini. Sikitu alimtazama Nzela usoni, akamgusa mgongo, akaona kwamba hakuna muda wa kumpeleka kwenye mlango akaone mwenyewe. Akanigeukia.

"Kaka Saburi, gari lenu lina nafasi. Mpaka darajani tu."

Mpaka darajani ilikuwa robo saa kwa gari. Nikasema ngoja niulize. Gari lile lilikuwa la shughuli za picha, na kila kilomita iliandikwa. Nikampigia Bwana Lubasha. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza: gari la serikali likionekana linamchukua mjamzito kutoka upande wa wodi kumpeleka upande wa masista, wananchi wataelewa nini? Nikakiri kwamba wataelewa. Basi, akasema, na akanikumbusha nirudi kabla ya picha ya jioni.

Nilimwambia Sikitu kwamba haikuwezekana. Nilisema nasikitika, na nilisikitika kweli. Hakunitukana. Aliacha kitambaa chini ya sindano ya cherehani kama kilivyokuwa, akampitishia Nzela mkono kiunoni, mama mkwe akachukua upande wa pili, wakaanza kwenda. Niliwaona kwenye kioo cha pembeni hadi tulipokata kona.

Lilikuwa gari la viti saba. Tulikuwa wawili.

Tukafika kwenye lami. Hapo Mzee Kitwana akasema, "Mimi dereva. Ningeambiwa, ningekwenda."

Nzela alijifungua pembeni mwa njia, hatua chache kabla ya daraja, juu ya kanga ya Sikitu. Masista walikimbia kuja kumalizia. Mama na mtoto walipona, mtoto wa kiume. Mpita njia mmoja aliwapiga picha, na baada ya siku mbili picha hiyo ikawa mezani kwangu, imekatwa pembeni ili daraja lisionekane na Sikitu asionekane. Amebaki Nzela tu, amechoka, anacheka, na mtoto kifuani. Maelekezo ya Bwana Lubasha yalikuwa yameandikwa kwa kalamu nyekundu: Mtoto wa kwanza wa Wodi ya Lukwambe.

Nikaandika. Mkono ulikuwa umezoea. Laiki laki saba. Pongezi zikamiminika, nami nikazijibu moja baada ya nyingine kwa mioyo mitatu, kama kanuni inavyotaka.

Kwenye ya mia na kitu nikakuta hii, imeandikwa na mwanamke ambaye picha yake ilikuwa ua la plastiki: "Asante dada Sikitu. Mama mkwe alikuwa ananihimiza nivuke mto lakini naona sasa hana haja ya kunitisha. Mimi nategemea Alhamisi. Nitakwenda kwenye wodi yetu."

Niliweka mioyo mitatu. Nikaitazama. Nikaifuta. Wenzangu walikuwa wameinama kwenye kompyuta zao, kila mmoja akiwa mwanamke fulani wa wilaya fulani, wanatabasamu kwa vidole. Niliandika: "Usiende. Pale ni ukuta tu, nyuma hamna kitu. Vuka mto, usingoje Alhamisi. Anayekuandikia si Sikitu, ni karani wa wizara. Sikitu mwenyewe anasema hivihivi." Nikabonyeza.

Ujumbe ulikaa dakika nne. Najua kwa sababu nilikuwa nahesabu. Dakika ya tano, akaunti ilinifungia nje, na kabla sijasimama Bwana Lubasha alikuwa mlangoni. Alinihutubia kwa muda mrefu kuhusu imani ya wananchi na jinsi inavyojengwa kwa shida na kubomolewa na mtu mmoja asiye na nidhamu. Alisema vizuri sana. Nilipotoka nje ya jengo, sina kazi tena, niligundua kwamba kwa miaka sita sikuwa nimewahi kuiona barabara ya mbele saa nne asubuhi.

Alhamisi nilikwenda Lukwambe kwa basi. Sikitu aliponiona nikishuka na mkoba hakuniambia karibu, na hakuniambia ondoka. Aliendelea kushona. Baada ya muda alinisogezea kibao nikae, nikakaa upande ambao barabara ya sokoni inaonekana, nikamweleza habari za yule mwanamke wa Alhamisi na ujumbe niliomwandikia.

Tulikaa siku nzima. Walipita wauza mkaa, wakapita watoto wa shule, akapita mwendesha baiskeli na jogoo wawili. Kila alipotokea mwanamke kwa mbali nilisimama, na kila mara alikuwa mtu wa shughuli nyingine. Mwenye mimba hakupita hata mmoja, si wa kwenda wodini wala wa kwenda mtoni.

Jioni Sikitu alifunika cherehani kwa turubai, akaitazama barabara kwa mara ya mwisho.

"Labda aliusoma," akasema.

Nami nikasema labda.